Nusu Saa ya Mashapo

Vimiminika viwili huingia chomboni kwa pamoja, tone kwa tone. Kimoja ni cha buluu iliyokolea: nitrati ya shaba na nitrati ya zinki zilizoyeyushwa majini, pamoja na nitrati ya alumini kidogo. Kingine hakina rangi, nacho ni maji ya magadi yaliyosafishwa, kabonati ya sodiamu tupu. Chombo kimepashwa joto hadi nyuzi 65 hivi, mkorogo unazunguka bila kusita, na mtengenezaji wa kichocheo ameukazia macho mshale wa pH usipande wala kushuka mbali na 6.5. Vimiminika vikigusana tu, hutokea tope jepesi la buluu. Hayo ndiyo mashapo.

Asiyeijua kazi hii angesema imekwisha. Shaba imetoka majini, zinki imetoka majini, kilichobaki ni kuchuja na kukausha. Mtengenezaji hachuji. Anauacha mkorogo uendelee, joto likiwa lilelile, naye anangoja. Dakika kumi zinapita, ishirini, hakuna kipya. Kisha, baada ya nusu saa hivi, mapema au baadaye kidogo kutegemea joto na pH, tope linageuka. Mshale wa pH unateremka ghafla, na buluu ile inakuwa kijani chenye chembe ya buluu, chombo kizima, kwa muda mfupi tu.

Mashapo ya kabla ya mgeuko huo, ukiyapiga eksirei, hayaonyeshi mpangilio wowote. Atomu zimekaa shaghalabaghala. Ya baada yake yana fuwele: sindano nyembamba mno za malakiti, na ndani ya sindano hizo baadhi ya nafasi zilizokuwa za shaba zimekaliwa na zinki. Metali mbili zilizoingia chomboni zikiwa zimeyeyuka sasa zimepangwa bega kwa bega, atomu kwa atomu, katika jengo moja. Hakuna kinu wala nyundo inayoweza kuchanganya vitu kwa ukaribu wa namna hiyo. Katika ufundi wote wa kutengeneza vichocheo, hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine, kwa sababu kila kitu kizuri kitakachotokea baadaye kiwandani kimeamuliwa hapa, ndani ya maji, kabla gesi yoyote haijaonekana. Wenye fani husema kichocheo kina kumbukumbu. Mashapo yaliyoharakishwa hayatengenezeki tena: huwezi kuyarekebisha kwenye tanuri, wala kwenye mashine ya kugandamiza vidonge, wala kwenye mtambo.

Kazi inayoyangoja ni kuunganisha hewa ukaa na haidrojeni ziwe methanoli. Molekuli moja ya hewa ukaa ikikutana na tatu za haidrojeni, inapatikana molekuli moja ya methanoli na moja ya maji. Dunia hutengeneza karibu tani milioni 100 za methanoli kila mwaka. Inaingia katika gundi za mbao, katika rangi, katika plastiki, katika asidi ya asetiki, na sasa meli kubwa zimeanza kuichoma kama mafuta. Sehemu yake kubwa sana hutoka kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. Kuitengeneza kwa hewa ukaa iliyonaswa kungekuwa kuirudisha kaboni kazini badala ya kuiachia angani.

Ugumu ni kwamba hewa ukaa ni kitu kilichokwisha kuungua. Kaboni yake imeshikwa na oksijeni pande zote mbili, imetulia, haina haja ya kitu kingine. Inaweza kushawishiwa, maana mmenyuko wenyewe unatoa joto na kwa hiyo si wa kupanda mlima. Lakini hilohilo la kutoa joto ndilo linalombana fundi: akiongeza moto ili kazi iende haraka, methanoli inavunjika na kurudi kuwa gesi, akipunguza moto ili methanoli idumu, gesi hazishughulikiani kabisa. Anahitaji kitu kitakachochangamka katika nyuzi 200 na kitu, kisingoje 400. Shaba iliyotengenezwa vizuri inachangamka hapo. Shaba ya waya wa umeme au ya sufuria haifai kitu.

Wasomaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hawahitaji kuelezwa malakiti ni nini. Ni lile jiwe la kijani lenye mistari linalochongwa vidani na visanduku vya urembo, na ndilo lililoifanya shaba ya Katanga ijulikane karne nyingi kabla ya reli na kampuni za Wabelgiji. Wahunzi wa huko waliliyeyusha kwa makaa, wakati wa kiangazi, katika tanuri zilizojengwa kwa udongo wa vichuguu, wakaimimina shaba katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika katika biashara na mahari. Kikemia, mhunzi yule na mtengenezaji wa kichocheo wanapita njia moja. Malakiti ikipata moto hutoa maji na hewa ukaa, ikabaki oksidi nyeusi ya shaba. Oksidi ikinyang'anywa oksijeni yake, inabaki shaba. Wanaachana mwishoni. Mhunzi alitaka shaba ikusanyike, iwe donge moja zito analoweza kulinyanyua. Mtengenezaji wa kichocheo anataka isikusanyike kamwe. Anataka chembe za upana wa nanomita kumi hivi, yaani chembe laki moja zikipangwa mstari mmoja ndipo zitimize milimita moja. Katika gramu moja tu ya kichocheo kizuri, nyuso za chembe hizo zikijumlishwa zinafikia mita za mraba 30 hivi, sawa na sakafu ya sebule kubwa. Gesi hufanya kazi usoni tu. Shaba iliyofichika ndani ya donge ni shaba iliyopotea.

Hapo ndipo zinki inapojilipa. Ilipokuwa imechanganyika na shaba ndani ya sindano za malakiti, haikuonekana kuwa na kazi. Sindano zikiokwa, inageuka oksidi ya zinki na kukaa katikati ya chembe za shaba, ikizizuia zisifikiane na kuungana. Kiasi chake si cha kubahatisha. Malakiti hukubali zinki hadi karibu asilimia 28 ya nafasi zake za metali. Ukizidisha, fuwele ya aina nyingine huanza kuzaliwa pembeni na mchanganyiko unapoteza ulinganifu. Ndiyo maana mapishi ya karibu kila mtengenezaji yanazungukia shaba 70 kwa zinki 30, na alumini kidogo ya kuimarisha. Waliofika kwenye uwiano huo kwanza walifika kwa kujaribu na kujaribu tena. Maelezo ya fuwele yalikuja miaka mingi baadaye kuthibitisha walichokwisha kukijua kwa mikono.

Kuosha nako ni kazi ya kuheshimiwa, ingawa hakuna anayeisimulia. Magadi yameleta kabonati iliyohitajika, lakini yameleta pia sodiamu isiyohitajika, na nitrati nazo zimebaki majini. Sodiamu ikisalia kwenye mashapo, wakati wa kuoka itasaidia chembe za shaba zinenepe. Kwa hiyo mashapo yanachujwa, yanarudishwa kwenye maji safi, yanakorogwa, yanachujwa tena, na maji ya kila suuzo yanapimwa yanavyopitisha umeme, hadi yakaribie kutopitisha. Maji yanayopitisha umeme bado yana chumvi. Hakuna njia ya mkato.

Au tuseme, ilikuwa haipo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, pamoja na wenzao wa kampuni ya Johnson Matthey, walichapisha katika jarida la Nature njia inayopindua nusu ya niliyoyaeleza. Walikamata yale mashapo ya buluu yasiyo na mpangilio, yanayoitwa jojaiti, na kuyazuia yasigeuke kuwa malakiti. Hawakutumia magadi. Waliyeyusha asetati za shaba na zinki katika ethanoli yenye maji kidogo, kisha wakaipitisha hewa ukaa iliyogandamizwa mpaka haikuwa tena gesi wala kimiminika cha kawaida. Chumvi zikatoka zenyewe, zikiwa hazina tone la sodiamu. Kichocheo kilichotokana nazo kilifanya kazi vizuri kuliko cha malakiti. Kwa macho yangu, kazi hii haiupunguzii heshima ule ufundi wa zamani. Imeonyesha tu kwamba sehemu ya sifa tuliyoupa mgeuko wa kijani ilikuwa ya yule aliyeosha. Na kwamba hewa ukaa inaweza kushiriki katika kutengeneza kitu kitakachokuja kuigeuza, jambo ambalo mwanakemia yeyote atalifurahia.

Mashapo yaliyooshwa hukaushwa, kisha huokwa katika nyuzi 300 na kidogo. Kijani kinatoweka. Kinachotoka ni unga mweusi, nao hugandamizwa kuwa vidonge vya milimita chache, vigumu vya kutosha kubeba uzito wa vingine juu yake ndani ya mirija mirefu ya kiwanda, vyenye matundu ya kutosha kupitisha gesi. Ukikishika kidonge hicho mkononi hakina mvuto wowote. Na bado si kichocheo. Shaba iliyomo bado ni oksidi.

Kuigeuza kuwa shaba hufanyika mtamboni kwenyewe, na hapo ndipo wasimamizi wa viwanda hukosa usingizi. Haidrojeni inapoinyang'anya oksidi oksijeni yake hutoa joto jingi. Ukiifungulia haidrojeni yote kwa mara moja, joto litapanda lenyewe, chembe zitayeyukiana, na mzigo wa tani nyingi za vidonge utaharibika kabla haujatoa lita moja ya methanoli. Kwa hiyo huanza na haidrojeni asilimia moja hivi, iliyobaki ikiwa naitrojeni au gesi asilia, na joto huongezwa polepole, vipimajoto vikisomwa toka juu hadi chini ya mirija. Maji yanayotoka hukusanywa na kupimwa, maana kiasi cha maji ndicho kinachosema oksidi imebaki kiasi gani. Kazi hii inaweza kuchukua siku kadhaa, usiku na mchana. Ikiisha, kilichomo mtamboni hakipaswi kuguswa na hewa tena. Chembe za shaba za udogo ule zikikutana na oksijeni ghafla huwaka.

Ujerumani ilianza kutengeneza methanoli kwa kichocheo mwaka 1923, watu wa kampuni ya BASF walipofungua kazi hiyo mjini Leuna. Walitumia oksidi za zinki na kromiamu, joto la zaidi ya nyuzi 300, na mgandamizo wa mara 250 hadi 350 ya ule wa hewa tunayovuta. Vyuma vya mitambo yao vilikuwa vinene kama inavyobidi. Uwezo wa shaba haukuwa siri hata wakati huo. Kilichoizuia ni salfa. Gesi iliyotokana na makaa ya mawe ilikuwa na salfa, na salfa hukaa juu ya shaba na haiondoki. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1966, pale kampuni ya ICI huko Billingham, Uingereza, ilipoweza kusafisha gesi hadi salfa ikawa chini ya sehemu moja katika milioni kumi. Shaba ikafanya kazi kwa mgandamizo wa mara 50 hadi 100 na joto la nyuzi 200 hadi 300. Njia ile ya Leuna haikuweza kushindana nayo. Kila nikisoma historia hii naona kwamba shaba haikubadilika katika miaka ile 40. Aliyebadilika ni yule aliyejifunza kusafisha.

Jambo jingine lilikuwa limejificha ndani ya mitambo hiyo. Gesi iliyoingizwa ilikuwa monoksidi ya kaboni na haidrojeni, na hewa ukaa kiasi. Wanakemia wengi waliamini methanoli inatokana na monoksidi. Hewa ukaa waliichukulia kama msaidizi, inayoiweka shaba katika hali nzuri. Kulikuwa na namna moja tu ya kukata shauri: kuitia alama kaboni ya gesi moja na kufuatilia itakapotokea. Kundi la mwanakemia Rozovskii huko Moscow lilifanya hivyo katika miaka ya 1970, na mwaka 1987 wanasayansi wa ICI wakachapisha majaribio yao wakitumia kaboni-14, ambayo hujifichua kwa mionzi yake. Waliiweka alama mara kwenye monoksidi, mara kwenye hewa ukaa, wakapima methanoli iliyotoka. Kaboni ya methanoli ilitoka kwenye hewa ukaa. Viwanda vilivyojengwa bila mtu yeyote kufikiria kuitumia hewa ukaa vilikuwa vikiitumia miaka yote hiyo.

Swali lililobaki lilikuwa: ni sehemu gani ya chembe ya shaba inayofanya kazi hiyo? Mwaka 2012 Malte Behrens na wenzake wa Taasisi ya Fritz Haber, Berlin, wakishirikiana na wataalamu wa hesabu za atomu wa Stanford, Marekani, walitoa jibu katika jarida la Science. Walilinganisha vichocheo vilivyotengenezwa kwa njia tofauti, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni, wakahesabu kasoro. Chembe ya shaba iliyopangika kikamilifu, tabaka juu ya tabaka bila kosa, ilikuwa mvivu. Iliyofanya kazi ilikuwa na tabaka zilizopishana ndani yake, na kupishana huko kulitokeza usoni kama ngazi. Kwenye kingo za ngazi hizo zilikaa atomu za zinki, na hapo vipande vya hewa ukaa iliyoanza kugeuka, ambavyo hushika uso kwa oksijeni zao, vilipata pa kujishikiza kwa muda wa kutosha kupokea haidrojeni. Zinki, kumbe, ilikuwa na kazi mbili: kutenga chembe na kukaa ngazini.

Na ngazi hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye chembe zilizokua katika nafasi finyu, zikiwa zimebanwa na oksidi ya zinki pande zote, zisipate nafasi ya kujinyoosha. Kubanwa huko kunatokana na sindano za malakiti. Sindano zinatokana na ile nusu saa.

Kuna mahali ambapo kazi hii ya kuigeuza hewa ukaa imeshatoka maabara. Svartsengi, kusini-magharibi mwa Iceland, kuna kituo cha umeme wa mvuke wa ardhini, cha aina ambayo mkazi wa Naivasha ataitambua kwa kuwa na Olkaria jirani. Mvuke hupanda pamoja na hewa ukaa. Kampuni ya Carbon Recycling International ilikamilisha hapo mwaka 2011 kiwanda kidogo kilichopewa jina la George Olah, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1994 na aliyeitetea methanoli kwa miaka mingi. Umeme wa kituo ulipasua maji kupata haidrojeni. Kilipopanuliwa, uwezo wake ulifikia tani 4,000 za methanoli kwa mwaka, kikitumia tani 5,500 za hewa ukaa. Mwaka 2022 teknolojia hiyohiyo ilianza kufanya kazi Anyang, katika jimbo la Henan nchini China, kwa ukubwa wa tani 110,000 za methanoli na tani 160,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Haidrojeni ya Anyang inatokana na gesi za tanuri za makaa, si maji yaliyopasuliwa, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu usafi wa methanoli hauzidi usafi wa haidrojeni yake. Na mbele ya mabilioni ya tani za hewa ukaa ambazo dunia huzitoa, viwanda hivi ni vidogo. Lakini vidonge vyake vimefanya kazi mwaka baada ya mwaka, na hilo si dogo kwa fundi.

Hewa ukaa imewaletea watengenezaji tatizo ambalo gesi ya zamani haikuwa nalo kwa kiwango hiki. Kila molekuli ya methanoli inayotokana nayo huja na molekuli ya maji. Mvuke huo, katika joto la mtambo, unazisaidia chembe za shaba kusogea na kuungana, na oksidi ya zinki nayo hukua. Chembe ya nanomita kumi inakuwa ya ishirini, uso unapungua, ngazi zinalainika. Wanaolishughulikia hujaribu oksidi ya zirikoniamu mahali pa sehemu ya alumini, kwa kuwa haipendi maji sana; wengine wanarudi kwenye chombo cha mashapo, kubadilisha pH, joto, kasi ya mkorogo, urefu wa kungoja.

Upo ufundi ndugu wa huu, nao hautumii moto wala mgandamizo. Katika Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, Yoshio Hori na wenzake waliichukua hewa ukaa, wakaiyeyusha katika maji yenye bikabonati ya potasiamu, wakachovya metali na kupitisha umeme. Walibadilisha metali moja baada ya nyingine, na kwa kila moja wakahesabu kila elektroni imekwenda wapi. Hiyo ndiyo nidhamu iliyowatofautisha na wengine. Dhahabu na fedha zilitoa monoksidi ya kaboni. Bati, risasi na indiamu zilitoa fomati. Platini, nikeli na chuma zilipasua maji tu na kutoa haidrojeni. Shaba peke yake ilitoa methani na ethilini kwa wingi, na tokeo hilo lilianza kuchapishwa katikati ya miaka ya 1980. Ethilini ndiyo malighafi ya mifuko na mabomba ya plastiki. Kuitengeneza kutoka hewa ukaa kunataka kuunganisha kaboni mbili na kupitisha elektroni kumi na mbili, na hakuna metali nyingine safi iliyoweza hivyo kwa kiwango cha maana.

Maabara nyingine zilizojaribu zilipata shida. Shaba ilianza vizuri, kisha kabla hata saa moja haijapita methani na ethilini zikafifia na haidrojeni ikatawala. Wengi waliandika kwamba shaba huchoka, ndiyo asili yake. Hori hakukubali. Mwaka 2005 kundi lake lilionyesha kwamba kinachoiua shaba ni chembechembe za chuma na zinki zilizomo ndani ya kemikali zenyewe, hata zile zinazouzwa kama safi, kwa kiasi kidogo mno. Umeme ukipita, metali hizo hujibandika juu ya shaba na kuifunika. Dawa yao inahitaji saa nyingi: unachovya kwanza elektrodi nyingine, ya platini nyeusi, unapitisha mkondo dhaifu kwa muda mrefu ili uchafu ujibandike huko, unaitoa, ndipo shaba inaingia. Katika maji yaliyotayarishwa hivyo shaba iliendelea kufanya kazi bila kuchoka. Zinki ileile inayoketi ngazini katika mtambo wa methanoli na kuufanya uende, hapa ni sumu. Anayesema metali fulani ni nzuri kwa hewa ukaa inabidi aseme pia iko wapi, imekaaje, na jirani yake ni nani.

Hori alikwenda pia kwenye fuwele nzima. Vipande vya kawaida vya shaba ni mkusanyiko wa fuwele nyingi zinazotazama kila upande, kwa hiyo jibu lake ni wastani. Yeye alitaka uso mmoja. Shaba safi iliyeyushwa, ikaachwa igande polepole mno ili iwe fuwele moja, ikapimwa kwa eksirei kujua tabaka zake zimelalaje, ikakatwa kwa pembe iliyokusudiwa, ikang'arishwa, na maji yakasafishwa kama kawaida yake. Uso ambao atomu zake zimepangwa kimraba uliipendelea ethilini. Ule ambao zimepangwa kipembetatu uliipendelea methani. Alipokata ule wa kimraba kwa pembe kidogo, ili ngazi zitokee kila baada ya safu chache za atomu, ethilini ikaongezeka zaidi ya methani kuliko katika uso wowote aliokuwa ameujaribu.